Mia Tatu Kabla ya Adhana

Nilimdanganya daktari. Nataka nianze hapo, maana kila nilipojaribu kulisimulia jambo hili kwa kuanzia uwanjani, kwenye jua na vijana na hesabu, nilijikuta nimefika kwenye adhana ya magharibi bila ya kulitamka neno lenyewe. Daktari aliniuliza, mbele ya mpwa wangu aliyekuwa amelala na mpira wa dripu mkononi, ni nani aliyewasimamia vijana hawa mazoezini. Nikamjibu: "Hawana msimamizi, daktari. Hujipangia wenyewe." Kijana akanitazama. Alikuwa na miaka 16 na akili zake timamu, na kuzungumza alikuwa anaweza. Hakusema kitu.

Msimamizi nilikuwa mimi.

Mimi ni mtu wa Makadara, hapa kisiwani Mombasa. Mchana wangu huishia kwenye makaratasi ya forodha, kutoa mizigo ya watu bandarini. Jioni, kwa miaka sita, nilikuwa nikiwafanyisha mazoezi vijana wa mtaa kwenye uwanja wetu, ule ambao Idi ikifika hujaa pembea na watoto waliovaa nguo mpya. Hatukuwa na jimu wala vyuma. Tulikuwa na ardhi na uzito wa miili yetu: pushapu, ambazo wengine hapa huziita presapu, sitapu, kulala chali na kuinua miguu, kuchuchumaa na kuinuka. Vijana walikuja kutoka Kibokoni, Kuze, hata Bondeni. Wazazi wao walinishukuru njiani, kwa sababu kijana aliye uwanjani saa kumi na moja jioni hayuko kwenye kichochoro kinachouziwa unga wa kulevya, na mzazi yeyote wa Mji wa Kale anajua ninachosema. Shukrani zile zilinilevya. Ukiitwa "kocha" na watu wazima kwa miaka sita, bila ya kusomea ukocha hata siku moja, unafika mahali ukaacha kujiuliza unajua nini.

Nilichokuwa nikijua kilikuwa ni kuhesabu. Nilikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa yenye mtihani wa nguvu wa jeshi la Marekani, ule uliowapima askari tangu 1980: pushapu kwa dakika mbili, sitapu kwa dakika mbili, kisha mbio za maili mbili. Nilikuwa naitoa mfukoni kama hati. Na nilikuwa na kisa cha Gama, mwanamieleka wa Bara Hindi, ambacho nilikisikia udogoni kwa mzee mmoja wa Kibulushi katika mtaa huu huu. Gama alizaliwa 1878, akaenda London mwaka 1910 kuwatafuta mabingwa wa Ulaya, na inasimuliwa kwamba kila siku alikuwa akipiga pushapu za kwao, zile ziitwazo danda, elfu tatu, na kuchuchumaa mara elfu tano. Nilikuwa nikiwaambia vijana: elfu tatu! Ninyi mia zinawashinda?

Kile ambacho sikuwaambia ni kwamba Gama alizaliwa katika ukoo wa wanamieleka, na kwamba alipokuwa na miaka kumi tayari alishindana huko Jodhpur na watu wazima katika kuchuchumaa na kuinuka, akawa miongoni mwa wa mwisho kubaki. Ile elfu tatu ilikuwa imejengwa juu ya utoto mzima. Mimi niliichukua namba peke yake nikaiacha miaka. Na namba, ikishakuwa peke yake, haina huruma kwa mtu.

Mpwa wangu alihamia kwetu kutoka Malindi mwanzoni mwa mwaka 2023. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani na watoto, na kijana huyu ndiye mkubwa wao. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kutaka kuonekana. Vijana wenzake walikuwa na miezi au miaka uwanjani; yeye alikuwa na wiki tatu. Pushapu 20 za kunyooka alikuwa anazimaliza, lakini zile tano za mwisho kiuno chake kilikuwa kinabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Niliona. Nikamwambia, "Utazoea."

Ramadhani ya mwaka ule iliingia wiki ya mwisho ya Machi. Asiyeujua mwezi wa Machi hapa kwetu hatanielewa vizuri. Kaskazi inakuwa imekwisha nguvu, kusi haijaingia, upepo umesimama, na jasho likitoka halikauki, linateremka tu. Siku ya sita ya mfungo niliwakusanya vijana 12 na kuwaambia kwamba leo tutapiga pushapu 300 na sitapu 300, na tutamaliza kabla ya adhana. Nilikuwa nimefikiria jambo hili tangu asubuhi nikiwa kazini. Lilinipendeza. Niliona saumu na mazoezi ni kitu kimoja, kuishinda nafsi, na nilitaka vijana waende kufuturu wakiwa wameshinda mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyolipamba kichwani. Ukweli ni kwamba walikuwa wamekaa karibu saa kumi na tatu bila ya tone la maji, na jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa.

Tulianza saa kumi na moja na robo. Mafungu ya 20, tukipokezana pushapu na sitapu, mimi nikihesabu kwa sauti. Wawili walikaa chini mapema na nikawaacha, ila si kimya kimya. Niliwatajia majina yao mbele ya wenzao. Mpwa wangu alisikia. Katika fungu la kumi na moja, alipofika ya 214, mikono ilianza kumtetemeka, si ule mtetemeko wa kuchoka bali kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Akabaki katikati, hapandi wala hateremki. Akasema, kwa sauti ndogo, "Mjomba, mikono imekufa."

Nikamwambia, "Imekufa vipi na wewe wasema?"

Wenzake wakacheka. Akasukuma akapanda. Nikaendelea kuhesabu, na nikaiongeza sauti.

Alizimaliza zote 300. Nusu yake hazikuwa pushapu tena, zilikuwa ni mwili unaoanguka na kuokotwa. Sitapu pia alizimaliza, amejifunga mikono nyuma ya shingo na kuivuta kama nilivyowafunza, jambo ambalo nalo lilikuwa kosa. Adhana ilipotoka kwenye spika za misikiti, mmoja baada ya mwingine kama ilivyo mtaani petu, nilimkumbatia mbele ya wote. Nikasema huyu ndiye mwanamume.

Usiku huo hakuweza kuinyanyua tende kuipeleka mdomoni. Tulikaa kwenye mkeka, kuna mbaazi za nazi na mahamri na maji ya ukwaju, naye akainamisha kichwa hadi kwenye sahani ili kichwa kiifuate tende. Wadogo zake walidhani anacheza. Kesho yake mikono ilikuwa imevimba kuanzia mabegani, ngozi imekaza na kung'aa, kiwiko hakikunjiki. Nikamwambia ndivyo mwili unavyojengeka. Nikampa diklofenaki, kidonge kimoja usiku ule na kimoja usiku uliofuata, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kujipa mwenyewe mgongo ukiniuma.

Siku ya tatu, baada ya tarawehe, alinifuata kwenye baraza nilipokuwa nimekaa na wenzangu. Muuza kahawa alikuwa amesimama na dele lake, vikombe vinagongana. Kijana akaninong'oneza: "Mjomba, mkojo wangu umekuwa kama hiyo." Akaonyesha kwa jicho kikombe changu. Kahawa tungu, nyeusi.

Nikamwambia anywe maji mengi wakati wa daku.

Hapa ndipo ninaposhindwa kujitetea hata kwa nafsi yangu. Ya uwanjani naweza kusema sikujua. Lakini kijana amekuja kwa miguu yake, ameniambia kitu ambacho mtu yeyote angeshtuka, na mimi nilishtuka. Moyo ulinipiga. Nikautuliza kwa sababu kulikuwa na watu, na kwa sababu kumpeleka hospitali usiku ule kungekuwa ni kukiri. Nikaendelea kunywa.

Asubuhi dada yangu ndiye aliyeona. Alinipigia simu nikiwa njiani kwenda kazini: "Ndoo umuone mwanao, hawezi kuinuka." Tulimpeleka hospitali. Walimlaza siku sita.

Jina la ugonjwa ule ni refu, rabdomayolisisi, lakini daktari alitueleza kwa maneno mepesi na nitayarudia, kwa sababu sijakutana na mtu wa mazoezi mtaani aliyekuwa anayajua. Msuli ukifanyishwa kazi kupita kiasi ulichozoea, seli zake hupasuka. Zikiwa chache hakuna neno. Ndiyo yale maumivu ya kawaida ya kesho yake, na mwili huzikarabati. Zikipasuka nyingi kwa pamoja, vilivyomo ndani humwagika kwenye damu. Kimojawapo ni mayoglobini, protini inayoupa msuli wekundu wake. Figo hujaribu kuichuja, nayo huziziba na kuziumiza; ndiyo inayogeuza mkojo rangi ya kahawa. Joto huongeza hatari. Ukosefu wa maji huongeza zaidi, kwa kuwa damu huwa nzito na figo hazina cha kuoshea. Na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki hupunguza damu inayoingia kwenye figo wakati ule ule zinapoihitaji. Yaani kila nililomfanyia mtoto yule, tangu saa kumi na moja na robo ya siku ya kwanza, lilikuwa limepangana na jingine kana kwamba mtu amekusudia.

Kuna kipimo cha damu cha kimeng'enya kiitwacho kreatini kinesi. Kwa mtu wa kawaida huwa chini ya mia mbili na kitu. Chake kilipita elfu sitini. Walimtia maji ya dripu chupa baada ya chupa, mchana na usiku, wakimpima mkojo na damu. Namshukuru Mungu hakufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Ugonjwa huu, daktari alisema, ulipata kuelezwa vizuri London mwaka 1941, wakati wa mabomu ya Wajerumani: watu walitolewa chini ya vifusi wakiwa hai, mikono na miguu imebanwa kwa saa nyingi, wakaonekana wamepona, kisha figo zikawaua siku chache baadaye. Nilikaa kwenye kiti cha hospitali nikiwaza kwamba mimi nimemfanyia mpwa wangu, kwa mdomo tu na kwa hesabu, kazi iliyofanywa na nyumba iliyoanguka.

Ndipo daktari akaniuliza lile swali, na mimi nikajibu nilivyojibu.

Sikuelewa hadi nilipokuwa njiani kurudi nyumbani kwa nini alikuwa ameuliza. Nilidhani anatafuta wa kumlaumu. Alitaka kujua kama kuna wengine. Walikuwapo 11. Kama mmoja wao alikuwa chumbani kwake wakati ule, mkojo wake mweusi, anaona haya kusema kwa sababu mimi nimemfunza kuona haya, basi uongo wangu ulikuwa umemfungia mlango. Usiku ule nilikwenda nyumba kwa nyumba. Niligonga Kuze, nikagonga Kibokoni, nikaenda Bondeni. Nilisema nimekuja kuwaangalia tu, nikawavuta pembeni mmoja mmoja nikawauliza rangi ya mkojo. Watatu walikuwa na maumivu makali, hakuna aliyekuwa na zaidi. Hata hapo sikuwaambia kwa nini nauliza. Niliwaambia wasije uwanjani hadi Idi, nikaenda zangu.

Mtaa uliposikia kijana amelazwa, watu walikuja kunipa pole, na karibu wote walisema neno moja: kadari. Ni kadari ya Mungu, mshukuru amenusurika. Wazee wetu hulihusisha jina la mtaa huu wenyewe na neno hilo, Makadara, mahali pa yale aliyoyakadiria Mwenyezi Mungu. Sina ubishi na kadari, naiamini. Lakini nililiona neno lile likinijia kama shuka safi na nikajifunika nalo kwa mwaka mzima. Mwenyezi Mungu hakuniamrisha niongeze sauti mtoto alipotetemeka.

Alipotoka hospitali alikatazwa mazoezi kwa miezi. Mimi nilianza kusoma, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka sita kabla. Kila nilichosoma kilikuwa ni kosa jingine. Nilikuwa nimewaahidi vijana wenye vitambi kwamba sitapu huyeyusha mafuta ya tumbo. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanaume 13 waliopiga sitapu 5,004 kila mmoja kwa siku 27, na seli za mafuta za tumboni zilipungua sawasawa tu na za mgongoni na za matakoni. Tumbo halichagui. Sikspaki ya kijana hutokea jikoni kwao, kwenye kiasi cha mahamri na viazi karai, kabla ya kutokea uwanjani. Nilikuwa nimewafunza kujivuta shingo; Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliupima mgongo na kukuta sitapu moja huubana uti kwa zaidi ya nyutoni 3,000, kama kubebeshwa kilo mia tatu, mara moja kwa kila unapoinuka. Ile karatasi yangu ya jeshi la Marekani nayo ilikuwa imekwisha wakati: mtihani mpya uliposhika nafasi mwaka 2022, sitapu hazikuwamo tena. Askari sasa hujikaza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao wa mlango, na saa ndiyo inayohesabu.

Lakini kitu kilichonikaa zaidi ni kidogo kuliko hivyo. Mtu anapopiga pushapu ya kawaida chini, mikono yake hubeba karibu asilimia 64 ya uzito wake. Akiiweka mikono juu ya kitu cha urefu wa sentimita 60, hubeba karibu 41 tu. Nikatoka nje nikapima baraza letu kwa futi ya fundi. Baraza la kwetu lina sentimita 52. Lile la jirani lina 38. Ngazi ya mlango ina 20. Yaani mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, ulikuwa umejengwa ngazi za kupandia nguvu taratibu, baraza la juu mwezi huu, la chini mwezi ujao, kisha ardhi, na mimi nilikuwa nikiwapitisha vijana mbele yake kila jioni kuwapeleka kuanguka kwenye vumbi.

Sasa ndivyo tunavyofanya. Fungu moja, kijana anasimama akiwa bado anaweza mbili au tatu zaidi. Siku mbili za kupumzika kwa wiki si uvivu. Ramadhani tunakutana baada ya tarawehe, maji yakiwa karibu, dakika 20. Na kabla ya lolote nawaambia juu ya mkojo wa rangi ya kahawa, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, hata kama mabinti wanapita. Wapo waliohama kwenda kwa kocha mwingine anayehesabu. Nimekwenda kuzungumza naye mara mbili, na nitakwenda tena.

Mpwa wangu hakurudi uwanjani hadi Disemba. Alipokuja aliweka mikono kwenye baraza la jirani, akapiga nane, akasimama, akaenda kunywa maji. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimeshamwomba radhi, wiki ya kwanza aliporudi nyumbani, na alinijibu upesi mno, "Yamekwisha, Mjomba," kama mtu anayefunga dirisha mvua isiingie. Hakumwambia mama yake. Wala mimi.

Shaaban ya mwaka 2024, siku mbili kabla ya mwezi kuandama, dada yangu alikuja chumbani kwangu kama tufanyavyo sote wakati huo. Mikono yake ilikuwa na unga. "Kaka, Ramadhani inaingia. Kama kuna nililokukosea, naomba radhi."

Nilitaka kumjibu lile jibu la kila mwaka. Halikutoka. Nikamwambia akae, nikamweleza yote: hesabu, kicheko cha vijana, vidonge, kikombe cha kahawa, swali la daktari na jibu langu. Alisikiliza ameikunja mikono yenye unga mapajani. Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana. Aliuliza jambo moja.

"Alipokwambia mikono imekufa, alikuwa amefika ngapi?"

"Mia mbili kumi na nne."

"Bado ngapi?"

"Themanini na sita."

Akazitamka zote mbili, polepole, kama anayezipima uzito. Halafu akanyanyuka, akaenda jikoni, nikamsikia anaitoa sufuria ya mafuta motoni.